Jinsi ya kudumisha soksi na soli za ndani za viatu kwenye hewa ya unyevu

Kazi yangu ni kushona viatu, na msimu wa unyevu ndio unaonijazia meza. Wengi wanaoleta viatu wakati huo hawasumbuliwi na kisigino kilicholika wala soli ya nje iliyobanduka. Kiatu kwa nje kinang'aa, ila ndani soli ya kukanyagia imejikunja pembeni, inateleza mbele kila hatua, na harufu inafika mezani kabla ya mwenye kiatu. "Fundi, hii imekwisha, niwekee nyingine." Naichomoa, naibonyeza kwa dole gumba, inarudi yenyewe. Haijakwisha. Imeoza.

Kuchakaa kunaletwa na kutembea, na hakuna wa kukuzuia kutembea. Kuoza kunaletwa na kiatu kinachovaliwa leo kikiwa bado na maji ya jana, na soksi iliyokunjwa kabatini kabla ncha yake haijakauka. Mahali pakavu unaweza kuzembea na mambo yakaenda tu. Penye hewa nzito, uzembe wa usiku mmoja unaonekana asubuhi. Ndiyo maana sehemu kubwa ya maelezo haya ni ya kukausha.

Chumvi kwanza

Toa soli ya ndani ya kiatu ulichovaa leo, uishike karibu na dirisha. Upande wa juu utaona weusi mahali pawili, kwenye kisigino na chini ya vidole, ambapo kitambaa kimekuwa kigumu na kinang'aa kidogo. Fuata ukingo wa weusi huo kwa macho: kuna mstari mweupe, mwembamba, unaopindapinda. Ukwangue kwa ukucha, utatoka unga. Sasa igeuze. Kama ilikuwa imegundishwa, utakuta mabaki ya gundi yaliyogeuka manjano na yanayonata kidoleni, na kati yake madoa madogo ya ukungu, meupe au ya kijivu, hasa pale katikati ambapo hewa haifiki.

Ule unga mweupe ni chumvi ya jasho. Nyayo ni miongoni mwa sehemu za mwili zenye tezi nyingi zaidi za jasho, na maji yakishaondoka chumvi inabaki palepale, ya leo juu ya ya jana. Na chumvi ina tabia yake. Unyevu wa hewa ukiwa chini ya asilimia 75 hivi, inatulia. Ukivuka hapo, inaanza kuvuta maji kutoka hewani mpaka inayeyuka. Ndicho kisa cha kibakuli cha chumvi jikoni kulowa bila mtu kukimwagia maji. Soli yenye chumvi ya wiki nyingi inafanya vivyo hivyo ndani ya kiatu: unaianika, mchana inakauka, usiku unyevu wa hewa unapanda, na asubuhi unakanyaga kitu chenye majimaji ambacho wewe hukukilowesha.

Kwa hiyo mtu akiniambia ameianika siku mbili na bado ina ubaridi, namjibu kwamba hata akiongeza siku nyingine mbili hali itakuwa ileile. Chumvi itolewe kwanza, na chumvi haitolewi na jua wala na manukato. Inatolewa na maji.

Harufu nayo ni ya mlango huohuo. Jasho linapotoka mwilini halina harufu ya kutaja. Bakteria wanaoishi kwenye ngozi ndio wanaolila, pamoja na vipande vya ngozi iliyokufa, halafu wanatoa asidi. Mojawapo inaitwa asidi ya isovaleriki, na hiyo ndiyo unayoisikia mtu akivua viatu. Bila unyevu bakteria hao hawastawi. Manukato ya kupulizia ndani ya kiatu siyapendi kwa sababu hiyo: yanaongeza umajimaji na kuwaacha bakteria walipo.

Kuosha soli ya ndani

Kabla ya kuilowesha, ijue ni ya nini. Ya sponji au ya mpira yenye kitambaa juu inaoshwa bila wasiwasi. Ya ngozi, ya koki (lile gome la mti la kutengenezea vizibo vya chupa), na ile yenye kadibodi ndani haitumbukizwi majini. Kutambua kadibodi ni rahisi: ipinde kidogo karibu na kisigino. Sponji inarudi, kadibodi inabaki na mstari wa mkunjo. Hizo zifutwe tu kwa kitambaa chenye maji kidogo na zikaushwe upesi.

Tumia beseni na maji ya uvuguvugu. Mzunguko wa kwanza usitie sabuni kabisa. Iweke soli majini, ibonyeze kwa kiganja kuanzia kisigino kwenda vidoleni, iachie, ibonyeze tena. Utaona maji yanageuka kijivu, na hapo ndipo chumvi inatoka. Mwaga, rudia na maji mapya. Ndipo utie sabuni ya maji, kijiko kimoja kidogo kinatosha jozi nzima, na usugue kwa mswaki wa zamani. Pembeni sugua polepole kwa kuelekea katikati, maana ukisugua kwa kuelekea nje unakibandua kitambaa kutoka kwenye sponji, na kikishaanza kubanduka hakisimami. Suuza mpaka povu liishe kabisa. Sabuni inayobaki inakausha kitambaa kikawa kigumu, na kitambaa kigumu kinasaga soksi.

Usiikamue kwa kuisokota. Ilaze juu ya taulo kavu, ifunike na upande wa pili wa taulo, kisha panda juu yake kwa miguu mitupu na usimame. Uzito wako wote ukiingia pale, maji mengi yanahamia kwenye taulo ndani ya dakika moja, na umejipunguzia saa kadhaa za kuanika. Nashangaa ni wachache kiasi gani wanaofanya hivyo.

Mtu wa jasho la kawaida aoshe kila baada ya wiki mbili. Anayesimama kutwa, au anayevaa buti za kazi, aoshe kila wiki. Katikati ya hapo, futa upande wa juu kila jioni kwa kitambaa chenye maji matupu. Ni kazi ya dakika mbili, na chumvi haipati nafasi ya kulundikana.

Harufu ikiwa imekaidi, loweka soli ya sponji kwa robo saa kwenye siki iliyochanganywa na maji, kiasi kimoja cha siki kwa viwili vya maji, kisha suuza vizuri. Au inyunyizie bikaboneti ya soda ikiwa kavu, ilale nayo usiku, asubuhi uikung'ute. Ila kwenye ngozi usijaribu, inaikausha na kuipasua. Spiriti ya asilimia 70 nayo inafaa kupuliziwa kidogo baada ya soli kukauka, ukishaijaribu pembeni kuona kama rangi haitoki. Dawa ya klorini ya kung'arishia nguo iache kabisa. Inageuza sponji kuwa ya manjano, inaifanya ikatike, na inakula mpira wa soksi. Zaidi ya hayo, klorini na siki zikikutana zinatoa gesi ya sumu, kwa hiyo visikae kwenye beseni moja hata kwa bahati mbaya.

Kuna wanaoweka viatu kwenye friza ili kuua harufu. Baridi inawalaza bakteria, haiwamalizi. Kiatu kikipata joto la mguu, wanaamka na njaa.

Kukausha ambako ni kukausha kweli

Unahitaji upepo, joto kidogo, na saa inayofaa. Ukikosa kimoja, viwili vilivyobaki vifanye kazi zaidi.

Upepo ndio mkubwa. Legeza kamba mpaka chini, vuta ulimi wa kiatu mbele, toa soli ya ndani, kisha elekeza mdomo wa kiatu kwenye feni. Soli yenyewe isimamishe kwa ubavu, iegemee ukutani, ili pande zote mbili zipigwe na hewa. Ukiilaza sakafuni, upande wa chini unabaki na maji yake, na huo ndio upande wa ukungu.

Kuhusu joto, watu hukosea kwa kulizidisha. Chukua hewa ya nyuzi 25 za Selsiasi yenye unyevu wa asilimia 90, hewa ambayo haikaushi kitu. Ukiipasha mpaka nyuzi 35 tu, unyevu wake unashuka hadi karibu asilimia 50, kwa sababu hewa ya joto ina nafasi kubwa zaidi ya kubeba maji. Nyuzi kumi tu, na hewa iliyokuwa haina faida inaanza kufanya kazi. Kwa hiyo tafuta nyumbani mahali penye uvuguvugu usioisha: karibu na nyuma ya friji panapotoka hewa ya moto, au juu ya tangi la kuchemshia maji. Ukishindwa kabisa, mashine ya kukaushia nywele kwenye joto la chini, ukiisogezasogeza.

Juu ya jiko hapana. Ndani ya oveni hapana. Juu ya dashibodi ya gari lililofungwa vioo, hapana kabisa. Sponji ya EVA, plastiki nyepesi ambayo ndiyo iliyojaa kwenye viatu vya michezo, ikipata joto kali inasinyaa, pembe zinainuka, na hairudi ilivyokuwa. Mtu ananiletea soli fupi kuliko kiatu anadhani alibadilishiwa. Gundi ya kiatu nayo inalainika, soli ya nje inaanza kuachia, na sasa tatizo limekuwa la fundi kweli.

Kuhusu saa: kwa kawaida unyevu wa hewa huwa wa chini alasiri, na wa juu kabisa karibu na alfajiri. Anika kuanzia asubuhi jua likishapanda, ingiza ndani kabla halijazama. Viatu vinavyolala nje ili "vipate hewa" vinakunywa maji usiku kucha. Na kuanika kuwe kivulini penye upepo. Jua kali likirudiwa kila siku linachosha nailoni na mpira wa soksi, na kupausha rangi. Nusu saa ya jua kwenye mgongo wa soli ya ndani sina ugomvi nayo.

Kiatu kilicholowa chepechepe kwa mvua kijaze magazeti yaliyofinyangwa kwa kulegea, halafu uyatoe baada ya saa moja na kuweka mengine. Gazeti la kwanza ndilo linalonyonya zaidi. Ukiliacha mpaka asubuhi, umeyafungia maji ndani ya kiatu. Kama bitana ni nyeupe, tumia karatasi isiyochapishwa, wino unahama.

Vile vipakiti vya silika jeli vinavyokuja na viatu vipya watu wanavipa sifa visizostahili. Silika jeli inabeba maji kama theluthi ya uzito wake, kwa hiyo kipakiti cha gramu 5 kinakuondolea chini ya gramu 2, na soli ya sponji iliyolowa ina makumi ya gramu. Kazi yake ni kulinda kiatu ambacho tayari ni kikavu, ndani ya boksi lililofungwa. Punje zinazobadilika rangi zinakuambia zimeshiba, na zinaweza kukaushwa tena kwa joto la polepole. Zile za bluu zinazogeuka waridi zina kobalti, ziwekwe mbali na watoto. Mkaa unapunguza harufu, maji haugusi sana. Mchele uache jikoni.

Utajuaje kwamba imekauka? Vidole vinadanganya, hasa vikiwa na joto. Gusisha soli kwenye shavu au mdomo wa juu: ukisikia ubaridi, maji bado yanaondoka. Mwenye mizani ya jikoni ya gramu ana kipimo bora zaidi. Pima soli ikiwa mpya, andika uzito wake kwa kalamu ya wino upande wa chini. Baada ya kuosha, mpaka irudi kwenye uzito ule, haijakauka, vyovyote ionekanavyo kwa macho.

Kiatu kimoja, soli mbili

Kila mtu anakuambia uwe na viatu viwili vya kubadilisha. Ushauri mzuri, ila si kila mtu anavyo, na kazi nyingine zina kiatu chake kimoja tu. Ninachowaambia wateja ni kununua jozi mbili za soli za ndani kwa kiatu kimoja. Zikate siku moja, ziandike 1 na 2, na zipokezane. Kila jozi inapata karibu siku mbili za kupumzika, na kiatu chenyewe kinalala bila soli, kwa hiyo sakafu yake ya ndani inapumua. Kwa mtu mwenye jasho jingi, sijaona jambo jingine dogo lenye faida kubwa kama hili.

Kama soli imegundishwa, mwombe fundi aitoe na kusafisha gundi ya zamani, kisha weka ya kuchomoa. Chini yake mara nyingi utakuta ubao wa karatasi ngumu uliobanwa kiwandani, na huo ndio unaoshikilia umbo la kiatu. Ndiyo sababu kiatu cha kawaida hakitumbukizwi chote kwenye ndoo: ubao ule ukilowa mara kadhaa unameguka, na kiatu kinapinda pasipotakiwa.

Kukata kuna ustadi wake. Ilaze ya zamani juu ya mpya, chora, kisha kata nje kidogo ya mstari. Ijaribu ndani ya kiatu, punguza milimita moja, ijaribu tena. Ikizidi, ukingo unapanda ukutani mwa kiatu, unajikunja, na unapasuka hapohapo. Ikipungua, inacheza kila hatua na kusaga soksi kwa chini. Gundi usitie. Ikiteleza, kipande kidogo cha utepe unaonata pande mbili chini ya kisigino kinatosha na kinatoka bila vita.

Ya kununua ni ipi? EVA haiingizi maji ndani yake kwa sababu vitundu vyake vimefungwa, inakauka haraka, ila inabonyea na haiinuki tena. Sponji laini yenye vitundu vilivyo wazi, ile ya poliyurethani, inainuka vizuri lakini inakunywa maji na kuyashikilia. Ngozi inanyonya jasho na kulirudisha hewani kwa utaratibu, ni tamu sana kwa mguu, ila ikisahauliwa kabatini inaota ukungu kabla ya nyingine zote. Kwenye unyevu nachagua EVA nyembamba yenye matundu na kitambaa chepesi juu. Zile nene, laini, zinazodidimia ukizikanyaga dukani ukajisikia umepumzika, ndizo ninazozitoa zikiwa zinanuka zaidi.

Neno dogo kwa wanaoweka akiba: poliyurethani ya aina nyingi huvunjwavunjwa na mvuke wa maji hata kama haikanyagwi. Kiatu kilichofungiwa mfuko wa plastiki kwa miaka kinaweza kutoka boksini kikiwa kizima na kumeguka siku ya kwanza barabarani. Nunua za kutumia.

Soksi

Katika hewa ya kipimo cha maabara, nyuzi 20 na unyevu wa asilimia 65, pamba inakaa na maji kama asilimia 8 ya uzito wake, sufu kama 16, nailoni kama 4, na polista chini ya nusu asilimia. Pamba inanywa jasho na kulishikilia, kwa hiyo mguu unakaa ndani ya kitambaa kilicholowa. Ngozi inalainika, msuguano unaongezeka, na soksi na ngozi vinalika pamoja. Polista hainywi, inapitisha, na inakauka upesi, ila inashika mafuta ya mwili na harufu yake haitoki kirahisi. Sufu nyembamba inabeba maji mengi bila mguu kuhisi umelowa, lakini inachelewa kukauka kamba ikiwa kwenye hewa nzito. Soksi zinazouzwa kwa jina la mianzi mara nyingi ni viskosi, nyuzi zinazotengenezwa kiwandani kutokana na mti, na viskosi ikilowa inapoteza nguvu nyingi. Ni laini kweli, na zinatoboka mapema kweli.

Ukiniuliza, chukua soksi nyembamba ya mchanganyiko, pamba au sufu upande unaogusa mguu, iliyoimarishwa kwa nailoni kisiginoni na vidoleni. Iwe ya saizi yako, kisigino cha soksi kikae kwenye kisigino chako. Na beba jozi ya pili. Kubadilisha soksi katikati ya siku kunaokoa soksi, soli ya ndani na kiatu kwa mara moja, maana jasho la mchana linaondoka na soksi ya kwanza badala ya kushuka chini. Iliyolowa iweke kwenye mfuko wa kitambaa. Mfuko wa plastiki unaipikia ukungu.

Fua soksi zikiwa zimegeuzwa ndani nje, kwa sababu uchafu wenyewe, chumvi na ngozi, uko ndani. Zisilale kwenye beseni. Maji ya nyuzi 30 hadi 40 yanatosha siku za kawaida. Kilainisha nguo kiache: kinafunika nyuzi kwa utando, soksi ya kunyonya haiingizi jasho tena na ya kupitisha haipitishi. Zikunje ndani ya taulo na kubana, usizisokote. Kamba iwe na nafasi kati ya soksi na soksi, na kibanio kishike ncha ya vidole, kisishike mpira wa juu. Mashine ya kukaushia kwenye joto kali inaumaliza mpira kabla ya kisigino.

Kabla ya kuziingiza kabatini, shika vidoleni na kwenye mpira. Hapo kitambaa ni kinene na ndipo panapochelewa. Zilaze bapa, zikunje mara moja. Ule mtindo wa kuzigeuza zikawa mpira mmoja unaonyoosha ukosi wa soksi moja siku zote, kisha mtu anashangaa kwa nini mguu mmoja soksi inashuka.

Tundu linapotokea, lisome kabla ya kulaani soksi. Likiwa kwenye kidole gumba, ni ukucha au kiatu kifupi. Kata kucha, zipigwe tupa pembe. Likiwa nyuma ya kisigino, ingiza kidole ndani ya kiatu na upapase bitana ya nyuma. Karibu kila mara utakuta imechanika na ukingo wa kadibodi umechungulia, au mshono umesimama. Hapo utanunua soksi mpaka uchoke. Kiraka cha ngozi laini ndani ya kiatu kinamaliza shauri. Likiwa chini ya vidole, soli ya ndani inateleza au imekuwa ngumu kwa chumvi. Na soksi inayopukutika chini yote kwa pamoja ni ya mtu anayezunguka nyumbani na soksi bila kandambili.

Kushona tundu ni kabla ya tundu, pale unapoona mwanga ukipita lakini nyuzi bado zipo. Vuta soksi juu ya kitu cha duara, balbu iliyoungua inafaa. Pitisha uzi wima, mstari kwa mstari, ukianzia mbali kidogo kwenye kitambaa kizima, kisha rudi kwa upana ukisuka juu na chini ya kila uzi. Usifunge fundo, acha mkia mfupi wa uzi. Fundo chini ya mguu linatengeneza malengelenge, na mwenye kisukari au ganzi ya miguu asivae kabisa soksi iliyoshonwa chini.

Mguu wenyewe

Futa katikati ya vidole kabla ya kuvaa soksi. Anayetokwa na jasho jingi apake nyayoni dawa ya kuzuia jasho, ileile ya kwapani yenye chumvi za alumini, usiku kabla ya kulala mguu ukiwa mkavu. Ikipakwa asubuhi jasho linaiosha kabla haijafanya kazi. Poda siitumii sana: kwenye unyevu inakuwa tope, tope linakauka, na soksi inasagwa.

Vidole vikiwasha na ngozi kati yake ikiwa nyeupe inayobanduka, huenda ni fangasi. Tibu mguu na kiatu kwa wakati mmoja. Soksi za pamba zifuliwe kwa nyuzi 60, kwa sababu 40 haziwamalizi fangasi hao, na soli ya ndani iliyotumika kipindi hicho itupwe matibabu yakikaribia kwisha. Hapo usihurumie kitu.

Nyingine za kutupa ni hizi: inayobonyea na kubaki imebonyea, inayomeguka ukiipinda, na ile ambayo madoa meusi ya ukungu yamerudi baada ya kuoshwa na kukaushwa vizuri. EVA iliyobonyea chini ya vidole mara nyingi bado ina kisigino kizima. Kikate, kitie chini ya soli mpya kwenye buti za kazi, upande mwembamba ukielekea mbele.